Mlangoni ni “at”, “on” au “in”? Mwongozo wa vihusishi vya mahali vya Kiingereza kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Soma sentensi hizi tatu. Mgeni yuko mlangoni. Tangazo la mwenye nyumba liko mlangoni. Ufunguo uko mlangoni. Neno ni lile lile, na hakuna anayechanganyikiwa: mgeni anasubiri kufunguliwa, tangazo limebandikwa, ufunguo umechomekwa kwenye kitasa. Kiingereza kinazitenganisha zote tatu. Mgeni ni “at the door”, tangazo ni “on the door”, ufunguo ni “in the door”. Ukikosea kihusishi, msikilizaji anaona picha nyingine kabisa.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wa Nairobi wanaotumia Kiingereza kila siku bila kupata mtu wa kuwaeleza jambo hili kwa Kiswahili: anayewaelekeza wateja dukani kwake kwa ujumbe wa WhatsApp, mtahiniwa wa KCSE anayejaza mapengo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza, anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambako katika sehemu ya kusikiliza unaweza kupewa ramani na kutakiwa kutambua jengo kwa kusikia tu liko “opposite” nini au “behind” nini. Kalamu na karatasi zitakusaidia, kwa sababu mambo mengi hapa yanaeleweka ukiyachora.

Hatua ya kwanza: tazama umbo la mahali kabla ya kutafuta neno

Chanzo cha makosa mengi ni “kwenye” na kiambishi “-ni”. Hivi viwili vinabeba kila mahali: mezani, mfukoni, barabarani, kwenye ukuta, kwenye foleni. Anayetafsiri moja kwa moja anafika kwenye Kiingereza na kukuta milango mitatu, naye ana ufunguo mmoja.

Lakini Kiswahili chenyewe kinaijua tofauti hii. Ngeli za mahali ni tatu: pa, ku na mu. Mfukoni mna pesa. Mezani pana vitabu. Sokoni kuna watu. Ndiyo maana Kiswahili sanifu kina yupo, yuko na yumo. Hapa Nairobi “yuko” imemeza zile nyingine mbili, nasi tumepoteza kifaa ambacho kingetusaidia sana darasani. Kirudishe. Kabla ya kuandika Kiingereza, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: je, naweza kusema “umo” au “yumo”? Ikiwa kitu kimezungukwa na mahali hapo, kimeingia, kina kuta au mipaka pande zote, tumia “in”. Ufunguo umo kwenye kitasa. Pesa zimo mfukoni, “in my pocket”. Tunaishi Kenya, “in Kenya”, kwa kuwa nchi ina mipaka inayotuzunguka hata kama hatuioni.

Swali la pili, ikiwa “-mo” imekataa: je, kitu kimegusa uso au mstari wa mahali hapo? Uso ni kama meza, ukuta, sakafu, ukurasa. Mstari ni kama barabara, mpaka, pwani, ukingo wa mto. Jibu likiwa ndiyo, tumia “on”. Namanga iko mpakani, kwa hiyo ni “on the border”. Nanyuki iko “on the equator”, kwa sababu ikweta ni mstari.

Majibu yote mawili yakiwa hapana, basi mahali hapo unapataja kama alama tu, nukta ya kukutania au ya kumtafutia mtu. Hapo ni “at”. Mgeni hakuingia ndani ya mbao za mlango wala hakujibandika juu yake. Mlango unatuonyesha tu alipo.

Kuna mchoro unaosambazwa sana, wa pembetatu iliyopinduliwa, unaosema “in” ni ya mahali pakubwa, “on” ni ya pa wastani na “at” ni ya padogo. Nakuomba usiutegemee. Uwanja wa ndege ni mkubwa lakini tunasema “at the airport”. Mfuko wa shati ni mdogo lakini ni “in”. Anayeshika pembetatu ile anaanza kupima ukubwa, na ukubwa si jambo ambalo Kiingereza kinauliza.

Jaribu na ziwa moja. Samaki wanaishi “in Lake Victoria”, wamezungukwa na maji. Kisumu iko “on Lake Victoria”, kwa sababu hapa ziwa linatajwa kwa ukingo wake, na ukingo ni mstari. Tukikubaliana kukutana huko Jumamosi, tutakutana “at the lake”. Ziwa halikubadilika ukubwa.

Au chukua nyasi. Ukiketi kwenye nyasi fupi za bustani, uko “on the grass”. Mpira ukipotea kwenye nyasi zilizofika magotini, uko “in the grass”, kwa sababu sasa nyasi zimeuzunguka. Ndivyo ilivyo na kiti pia: kigoda ni “on a stool”, lakini kochi lenye mikono linalokukumbatia ni “in an armchair”. Na ukuta: picha na saa ziko “on the wall”, ufa na msumari viko “in the wall”. Embe linaloning’inia bado ni “on the tree”, maana limeshikamana na tawi, ilhali korongo wale wakubwa wanaotua kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo wako “in the trees”, katikati ya matawi.

Hatua ya pili: jenga anwani kutoka nje kwenda ndani

Anwani ya Nairobi ina tabaka, na kila tabaka ina kihusishi chake. Mji na mtaa wa makazi huchukua “in”: “in Nairobi”, “in Kayole”, “in Kilimani”. Hili lisemwe wazi, maana “I live at Kayole” inasikika kila siku. Mtaa una eneo, una mipaka, umo ndani yake. Andika “I live in Kayole”.

Steji ni nukta, kwa hiyo ni “at”. “Get off at Kencom.” “The matatu stops at Kayole Junction.” Jina moja linaweza kuchukua vyote viwili kulingana na unavyolitazama: treni husimama “at Thika”, ambapo Thika ni kituo tu katika safari, lakini binamu yako anaishi “in Thika”.

Barabara huchukua “on”, namba ya jengo huchukua “at”. Sanamu ya Tom Mboya iko “on Moi Avenue”, barabara ambayo mwaka 1969, alipouawa hapo, iliitwa Government Road. Sanamu ya Dedan Kimathi iko “on Kimathi Street”, na ukitaka kuwa sahihi zaidi, “at the junction of Kimathi Street and Mama Ngina Street”, kwa sababu makutano ya barabara ni nukta. Waingereza wengi husema pia “in” kwa barabara za mjini zenye majengo pande zote mbili. Wamarekani hushika “on”. Ukitumia “on” utaeleweka na wote.

Sasa “along”. Magazeti na redio zetu husema ajali imetokea “along Mombasa Road”, na kila bango la biashara linasema duka liko “along” barabara fulani. Huo ni Kiingereza cha Kenya, kinaeleweka hapa, na sioni sababu ya kumsahihisha mtu anapokitumia akiwa na Wakenya wenzake. Ila kwa msomaji wa Uingereza au Marekani, “along” inaleta picha ya urefu: kutembea kufuata barabara, au vitu vilivyopangwa kuifuata. “We walked along Tom Mboya Street.” “There are trees along the road.” Ajali moja au duka moja ni “on”. Katika mtihani wa kimataifa andika “on”, usijipe shaka.

Ghorofa ni “on”: “on the third floor”. Chumba ni “in”: “in room 12”. Lifti ni “in”, ngazi ni “on the stairs”. Jengo lenyewe linategemea unachotaka kusema. Mkutano uko “at KICC”, yaani hapo ndipo tukio lilipo, hata kama watu wengine wako nje uwanjani. Lakini ikiwa mvua inanyesha na unamwambia mtu aingie, asubiri “in the building”. Sheria hiyo hiyo inafaa kwa benki, duka kubwa, mkahawa na sinema. Ukitaja shughuli, ni “at”. Ukitaja kuta na paa, ni “in”.

Na “kwa”? Niko kwa fundi, niko kwa daktari, niko kwa shangazi. Wengi hukwama hapa, kwa sababu “kwa” ina kazi nyingi mno. Kiingereza hutumia “at” na kumilikisha mtu huyo mahali pake: “at the tailor’s”, “at the doctor’s”, “at my aunt’s”. Hata “Niko kwa Mama Mboga” ni “I’m at Mama Mboga’s”. Kile kiambishi cha mwisho usikiache, maana ndicho kinachobeba wazo la nyumba au duka lake.

Hatua ya tatu: ndani ya matatu au juu ya matatu

Hapa jaribio letu la “-mo” linahitaji nyongeza. Ukiwa ndani ya basi, umo, hakuna ubishi. Hata hivyo Kiingereza kinasema “on the bus”, “on the train”, “on the plane”, “on the ferry”. Magari madogo ni “in”: “in a car”, “in a taxi”. Pikipiki na baiskeli ni “on”, na hapo hakuna tatizo, kwa sababu umekaa juu ya kiti chake.

Namna rahisi ya kukumbuka ni kujiuliza: je, naweza kusimama na kutembea ndani ya chombo hiki? Kwenye basi unapanda ngazi, unatembea hadi kiti cha nyuma, unarudi mbele kushuka. Ni “on”. Kwenye teksi unainama, unaingia, unakaa hapo hapo. Ni “in”. Vitenzi hufuata: “get on” na “get off” kwa basi, “get in” na “get out of” kwa gari dogo.

Matatu sasa. Ile ndogo ya abiria 14, ambayo unaingia ukiwa umeinama, inafaa “in”. Ile kubwa ya viti 33 yenye njia katikati ni basi kwa kila hali, na “on” inaikaa vizuri. Utasikia watu wakisema yote mawili kwa zote mbili, na hakuna mtahini mwenye busara atakayekunyima alama kwa hilo. Kilicho kosa ni “by” mahali pasipo pake. “By matatu” inaeleza njia ya kusafiri, bila “a” wala “the”: “I go to work by matatu.” Ukitaja gari lenyewe, “by” inaondoka: “I left my umbrella in the matatu.” Na kwa miguu ni “on foot”.

Kuna mahali ambapo kukosea kihusishi cha gari ni hatari kweli. Makanga akisema “Keti mbele”, anakusudia ndani, viti vya mbele. Kiingereza chake ni “Sit at the front”, na kwa gari dogo “in the front”. Ukisema “in front of the bus”, mtu huyo yuko nje, barabarani, gari linamtazama. Vivyo hivyo “at the back of the bus” ni viti vya nyuma ndani, na “behind the bus” ni nje, linapotokea moshi. Katika taarifa ya ajali unayoandikia kampuni ya bima, maneno haya yanaweza kubadilisha nani alikuwa wapi.

Hatua ya nne: “mbele ya” igawe mara tatu

Hili ndilo neno linalowapoteza watu wengi zaidi wanapotoa maelekezo, nami nalipa nafasi kwa makusudi.

Kwanza, mbele ya kitu, upande ule ule, bila barabara kupita katikati: “in front of”. Muuza mahindi choma ameweka jiko lake kwenye kibaraza cha duka. Yuko “in front of the shop”.

Pili, upande wa pili, mkiangaliana: “opposite”. Duka la dawa liko ng’ambo ya barabara, milango inatazamana. Liko “opposite the shop”. Kiswahili kina “mkabala na” kwa maana hii, lakini katika mazungumzo tunasema tu “mbele ya”. Ukimwandikia mtu wa kuleta mzigo “in front of the bank” ilhali uko ng’ambo, atasimama upande wa benki na kupiga simu. Na “opposite” inatosha peke yake. Usiiongezee “to” unapotaja jengo.

Tatu, baada ya kuvuka mahali fulani ukiendelea na safari. Ukitoka mjini kwa Thika Road, tunasema Githurai iko mbele ya Roysambu. Kiingereza hakiwezi kusema “in front of” hapa hata kidogo. Ni “past Roysambu” au “after Roysambu”. Na Allsops, unayoipita kabla ya kufika Roysambu, ni “before Roysambu”. “Behind Roysambu” itaeleweka kama mahali palipofichwa mgongoni mwa Roysambu, mbali na barabara. Chora Thika Road kama mstari, weka steji zake kwa mpangilio, kisha sema kwa sauti kila moja iko “before” ipi na “past” ipi. Zoezi hilo dogo linatibu tatizo lote.

Hatua ya tano: “juu ya” na “chini ya”

Kwa “juu ya”, uliza kwanza: vimegusana? Sufuria iko jikoni juu ya moto, imegusa, ni “on the stove”. Taa inaning’inia juu ya meza, haigusi, ni “above the table” au “over the table”. Picha inaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja: “on the wall, above the sofa”.

“Above” na “over” hukaribiana sana, na mara nyingi yoyote kati yake inafaa. Zinapotengana, “above” ni ya kimo na vipimo. Kilele cha Mlima Kenya kiko mita 5,199 “above sea level”, na hapo “over” haiwezekani. Jirani wa ghorofa ya juu anaishi “above us”. “Over” ni ya kuvuka au kufunika. Daraja la wapita njia liko “over Thika Road”, kwa kuwa linatoka upande mmoja hadi mwingine. Shuka imetandikwa “over the mattress”, na hapa vimegusana lakini “over” inaruhusiwa, maana shuka imefunika godoro. Expressway ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, ni mfano mzuri wa kufundishia: kwa sehemu ndefu inapita “above” barabara ya zamani, ikienda nayo sambamba, na panapo makutano inakata “over” magari yanayovuka chini.

“On top of” ni ya kileleni: mizigo “on top of the bus”, sanduku “on top of the wardrobe”.

“Chini” ina mtego wake. “Kikombe kiko chini” haina “under” wala “below”. Kikombe kiko sakafuni: “on the floor” ukiwa ndani ya nyumba, “on the ground” ukiwa nje. “Chini ya” ndiyo inayotaka uchaguzi. Kilichofunikwa au kilicho chini moja kwa moja ni “under”: viatu “under the bed”, watu waliojikinga mvua “under the bridge”. Kilicho chini kwa kimo tu ni “below”: ghorofa “below ours”, alama “below average”, sahihi “below the line”. Umri ni “under”: “children under 5”. “Beneath” utaikuta zaidi vitabuni. Si lazima uitumie.

Hatua ya sita: jirani, kati na kona

“Next to” na “beside” ni ubavuni, hakuna kitu katikati. “Near” ni umbali mfupi tu, pande zozote. Duka likiwa “next to the petrol station”, mteja akiona kituo cha mafuta ageuze macho tu. Likiwa “near”, atalazimika kuuliza. Mwenye biashara aandike la kwanza kama ni kweli. Angalia pia “s”: “besides” ina maana ya “zaidi ya” au “isitoshe”, wala haihusu mahali. Na tofauti ya viungo: “near the stage” haihitaji “to”, lakini “close to the stage” na “next to the stage” zinaihitaji.

“By” ni ya kando ya kitu kikubwa, hasa maji au dirisha. Soko la Gikomba liko “by the Nairobi River”.

Shuleni tulifundishwa kwamba “between” ni ya viwili na “among” ni ya vingi. Ni nusu ya ukweli. “Between” inafaa kila mara unapoweza kutaja vitu kimoja kimoja, hata vikiwa vitano. Naivasha iko “between Nairobi and Nakuru”, na Kenya iko “between Ethiopia, Somalia, Tanzania, Uganda and South Sudan”. “Among” ni ya kundi lisilotajwa mmoja mmoja: umempoteza rafiki “among the shoppers”. “Between” ikishataja pande mbili, inafungwa na “and”, kamwe si “to”. Katikati hasa ni “in the middle of”: ng’ombe amesimama “in the middle of the road”.

Kona ina tatu. Ndani ya chumba: “in the corner”. Kibanda kilicho kwenye pembe ya barabara mbili: “on the corner”. Mahali pa kukutania: “at the corner”. Ukirudi kwenye maswali ya hatua ya kwanza, utaona yanajibu haya yote bila kanuni mpya.

Hatua ya saba: yale ya kukariri tu

Machache hayapatikani kwa kufikiri. “Mama is in hospital” ina maana amelazwa. “Mama is at the hospital” ina maana yuko pale, labda amekwenda kumwona mgonjwa, labda anafanya kazi huko. Ukimtumia mwajiri ujumbe, tofauti hiyo ni kubwa. “In prison” ni mfungwa, “at the prison” ni aliyekwenda kutembelea. “In bed” umejifunika, pengine unaumwa. “On the bed” umekaa au umejilaza juu ya shuka. “At home” na “at work” hazibadiliki. Picha iko “in the newspaper” lakini “on page 5”. Habari iko “on the radio”, “on TV”, “on the internet”. Ujumbe ni “on WhatsApp”, lakini watu wako “in the group”. Unasimama “in the queue”, “in the rain”, na nyumba iko “on the left”.

Hatua ya nane: andika maelekezo yako

Tuchukue duka la kubuni la Roysambu. Ujumbe wake kwa mteja unaweza kuwa hivi:

“Our shop is in Roysambu, on the second floor of a blue building. Get off at the stage, take the footbridge over Thika Road and walk past the petrol station. The building is opposite a church, between a bank and a bakery. We are above the chemist. There is a notice on the door. If you come on a boda boda, wait at the gate.”

Soma tena ukitazama kila kihusishi. Roysambu imetuzunguka, “in”. Ghorofa ni sakafu, uso, “on”. Steji ni nukta, “at”. Daraja linavuka, “over”. Kituo cha mafuta kinaachwa nyuma, “past”. Kanisa liko ng’ambo, “opposite”. Chemisti iko chini yetu bila sisi kukanyaga paa lake, “above”.

Sasa andika maelekezo ya nyumbani kwako kwa sentensi sita, kisha mpe mtu asiyepajua achore ramani kwa kufuata maneno yako tu, bila kukuuliza. Mahali mchoro wake unapokosea ndipo kihusishi cha kurekebisha kilipo.

Kabla ya hapo, jaza haya:

1. I live ___ Umoja, ___ the fourth floor.
2. The charger is ___ the drawer. The socket is ___ the wall, ___ the bed.
3. Coming from town, Githurai is ___ Roysambu.
4. My brother is ___ hospital. They operated on him yesterday.
5. Don’t stand ___ the doorway, people are getting ___ the bus.
6. I’m ___ the tailor’s, ___ the corner of the street.

Majibu: namba 1 ni “in” kisha “on”. Namba 2 ni “in”, kisha “on” au “in”, kwa kuwa soketi huonekana juu ya ukuta lakini pia imezikwa ndani yake, kisha “beside” au “next to”, au “above” kama iko juu ya kitanda. Namba 3 ni “past” au “after”. Namba 4 ni “in”, maana amelazwa. Namba 5 ni “in”, kwa sababu aliyeziba njia yuko katikati ya fremu ya mlango, kisha “on” au “off”, kutegemea wanapanda au wanashuka. Namba 6 ni “at” kisha “on”, kwa kuwa duka la fundi liko kwenye pembe ya barabara. Ukiandika “at” mara zote mbili, hujakosea.